Vigeu 31, kisha 6: shajara ya utafiti wangu juu ya ufaulu na hali ya nafsi ya wanafunzi

Wiki ya 1

Nimebandika karatasi kubwa ukutani na kuandika kila kitu ambacho nimewahi kusikia kikitajwa kwamba kinatabiri ufaulu wa mwanafunzi au hali yake ya nafsi. Elimu ya wazazi, usingizi, mahudhurio, ukubwa wa darasa, kujiamini, ung'ang'anizi, wasiwasi wa mtihani, marafiki, simu, kazi za nyumbani, upole wa mwalimu. Nilipochoka nikahesabu: vigeu 31, yaani mambo 31 yanayotofautiana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Mishale inatoka kila upande kuelekea visanduku viwili, kimoja nimekiandika ALAMA, cha pili HALI YA NAFSI. Mchoro unapendeza kama utando wa buibui, na kazi yake ni hiyohiyo ya kunasa chochote kinachopita.

Nilimtumia picha yake msimamizi wangu, ambaye humu nitamwita Mwalimu tu. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Mwanangu, hii ni orodha au ni swali?"

Wiki ya 2

Mwalimu kanishauri nianze na chambuzi-jumuishi, yaani zile kazi zinazokusanya tafiti nyingi na kuzijumlisha, kabla sijazama kwenye makala moja moja. Nimeanza na ya Richardson, Abraham na Bond ya mwaka 2012. Walipitia miaka 13 ya utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu na kulinganisha vipimo 50 vinavyodaiwa kwenda sambamba na alama. Kilichoshika nafasi ya kwanza hakikuwa akili, wala familia, wala mbinu za kusoma. Ni imani ya mwanafunzi mwenyewe kuhusu alama atakayopata: uwiano wa 0.59 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni kwenda pamoja kabisa). Alama za sekondari ziko nyuma yake kwa mbali, 0.40.

Asubuhi nzima nilifurahi. Nikachora mshale mnene ukutani kutoka IMANI YA KUWEZA hadi ALAMA.

Jioni furaha ikaingia mchanga. Kipimo chenyewe huuliza, kwa maana, una uhakika gani kwamba utapata alama fulani. Anayeulizwa si mtoto aliyezaliwa jana. Amekaa darasani miaka mingi, anazijua alama zake za nyuma, anajua wapi huteleza. Ni sawa na kumuuliza nahodha chombo kimefika wapi, kisha tukamsifu kwa utabiri. Ushahidi uko kwenye makala hiyohiyo: ukimuuliza mwanafunzi imani yake ya jumla kwamba anayaweza masomo, bila kumtajia alama, uwiano unashuka hadi 0.31. Nahisi sehemu kubwa ya pengo hilo ni kumbukumbu tu. Mwanafunzi anatusomea rekodi yake, nasi tunaiita saikolojia.

Mshale mnene nimeupunguza kwa kifutio. Haukufutika vizuri.

Nimesoma pia uchambuzi wa Poropat wa 2009 kuhusu tabia tano kuu za nafsi. Uwajibikaji, maana yake utaratibu, bidii na kumaliza ulichoanza, ndiyo tabia inayosimama kuliko nyingine nne: uwiano wa takriban 0.22, kwa sampuli iliyojumlisha wanafunzi zaidi ya 70,000. Zidisha 0.22 kwa yenyewe upate karibu asilimia 5 ya tofauti za alama. Asilimia 95 iko kwingine. Hata hivyo Poropat anaonyesha jambo ambalo sikulitarajia: uwajibikaji karibu hauhusiani na akili, na ukishazizingatia alama za sekondari, unachangia utabiri wa alama za chuo kwa kiasi kilekile ambacho akili inachangia. Asilimia 5 zinazotoka mahali ambapo hakuna kipimo kingine kinachochota zina thamani yake.

Wiki ya 3

Wiki hii imenikata kiburi, kwa hiyo nitaiandika kwa urefu.

Ung'ang'anizi ulikuwa kigeu nilichokipenda. Duckworth na wenzake waliutoa hadharani mwaka 2007, na tangu hapo umeenea kote: kudumu na lengo moja kwa miaka, bila kukata tamaa. Nilikuwa nimeuweka ukutani kando ya uwajibikaji, kila kimoja na mshale wake. Kisha nikasoma Credé, Tynan na Harms, 2017: sampuli 88, watu 66,807. Baada ya kusahihisha makosa ya vipimo, ung'ang'anizi na uwajibikaji vina uwiano wa 0.84. Kwa lugha ya kawaida ni mtu mmoja aliyebadilisha kanzu. Kilichobaki chenye nguvu kidogo ni nusu moja ya kipimo, ile ya kudumu katika juhudi. Nusu ya pili, ya kutobadilisha mambo unayoyapenda, haina mengi ya kutuambia kuhusu alama.

Nilijitetea kwa Mwalimu. Nikasema nitaviweka vyote viwili kwenye regresheni moja, hesabu inayopima mchango wa kila kigeu huku vingine vikizingatiwa, kama ung'ang'anizi una kitu cha ziada kitaonekana, kama hauna utakufa wenyewe. Hoja ilionekana nzuri. Nimeiona kwenye makala nyingi.

Mwenzangu wa takwimu, namwita Kaka kwa kuwa ananizidi umri na subira, akaniambia: "Usibishane na mimi. Tengeneza wanafunzi wa kubuni uone."

Nikawatengeneza kwenye kompyuta, 10,000. Kila mmoja nikampa tabia moja tu iliyofichika, iite T, na alama Y zenye uwiano wa 0.50 na T. Kisha nikatengeneza hojaji mbili zinazoipima T, kila moja na uthabiti wa 0.70 (1 ni kipimo kisicho na kosa), kiwango ambacho watafiti wengi huridhika nacho. Zingatia kwamba hojaji zote mbili zinapima kitu kimoja, kwa sababu mimi ndiye niliyeumba dunia hiyo na hakuna kingine ndani yake. Kila hojaji peke yake ilitoa uwiano wa karibu 0.42 na alama. Nikaziweka pamoja kwenye regresheni nikisubiri moja ife.

Hakuna iliyokufa. Kila moja ilibaki na mgawo, yaani uzito wake kwenye regresheni, wa takriban 0.25, na kwa watu 10,000 kompyuta ilipiga nyota tatu kwenye zote mbili, ishara kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu. Kama nisingejua nilichokiumba ningeandika kwa kujiamini: "ung'ang'anizi unatabiri ufaulu hata baada ya kudhibiti uwajibikaji."

Sababu ni nyepesi ukishaiona. Kipimo kibovu kidogo kinaacha sehemu ya T nje. Kipimo cha pili, kibovu kwa namna yake, kinaokota baadhi ya kilichoachwa. Regresheni inaona mchango mpya, haina njia ya kujua kwamba mchango huo ni makombo ya kitu kilekile. Westfall na Yarkoni walilieleza hili mwaka 2016, na wakaonyesha kwamba sampuli kubwa hailitibu tatizo. Kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo unavyozidi kuwa na uhakika wa kosa lako. Dawa ni kuuingiza uthabiti wa vipimo ndani ya uchambuzi, au kuacha kuweka mapacha kwenye mstari mmoja.

Nilipita ukutani na kalamu nyekundu. Ung'ang'anizi, kujidhibiti, nidhamu binafsi, kuahirisha kazi, usimamizi wa muda: vitano hivi nimeviunganisha kuwa kimoja, nakiita kujisukuma, maana yake kuendelea na kazi hata inapochosha. Kwenye Richardson na wenzake kipimo cha namna hii kina uwiano wa 0.32 na alama, na maswali yake ni machache.

Wiki ya 4

Imani kwamba akili hukua. Fupi. Sisk na wenzake (2018) walikuta uwiano wa 0.10 kati ya imani hiyo na ufaulu, na mafunzo ya kuijenga yalipandisha ufaulu kwa 0.08 ya mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika. Mwaka uliofuata jarida la Nature lilichapisha jaribio la Yeager na wenzake huko Marekani, lenye sampuli ya taifa zima: somo la mtandaoni lisilofika saa moja liliwainua wanafunzi waliokuwa chini kwa 0.10 ya pointi ya wastani wa alama zao. Watu huzisoma kazi hizi mbili kama mahasimu. Mimi naona zinasema jambo lilelile kwa sauti mbili. Athari ni ndogo, na kwa kitu kinachochukua chini ya saa moja ndogo si matusi. Kraft (2020) anapendekeza kwamba katika majaribio ya elimu yanayopima ufaulu, athari ya 0.20 ihesabiwe kubwa na iliyo chini ya 0.05 ihesabiwe ndogo.

Lakini swali langu ni la utabiri, na 0.10 haitabiri mengi. Imefutwa.

Wiki ya 5

Familia. Hapa nilidhani najua.

Ripoti ya Coleman ya 1966, iliyohusisha zaidi ya wanafunzi 600,000 wa Marekani, iliwashtua wengi kwa kuonyesha kwamba mazingira ya nyumbani yanaeleza tofauti za ufaulu kuliko vifaa vya shule. Tangu hapo imekuwa kama methali kwamba umaskini ndio hatima. Kisha nikamsoma White, 1982, aliyekusanya tafiti juu ya hali ya kiuchumi na ufaulu. Mwanafunzi mmoja mmoja: uwiano wa 0.22. Ukichukua wastani wa shule au maeneo badala ya mwanafunzi: 0.73. Jambo lilelile na maisha yaleyale, ila namba mbili ambazo mtu angedhani zinatoka sayari tofauti.

Sirin alirudia zoezi mwaka 2005 kwa wanafunzi 101,157 na kupata karibu 0.30 kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa hiyo familia ina uzito, lakini 0.73 inayonukuliwa majukwaani haimhusu mtoto yeyote aliyekaa kwenye dawati. Unapochukua wastani, vurugu za mtu mmoja mmoja zinafutana, na uwiano unapanda wenyewe. Robinson alionya kuhusu hili mwaka 1950, na bado tunaanguka kwenye shimo lilelile.

Kuna mfano mkali zaidi, ambao namba hazipandi tu bali zinageuka. Kwenye PISA, mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15 ulioanza mwaka 2000, ndani ya nchi wanaojiona wanaiweza hisabati ndio wenye alama za juu. Linganisha sasa wastani wa nchi na nchi: Japani na Korea Kusini ziko juu kwa alama, na vijana wake wako chini kwa kujiona wanaweza. Anayesoma jedwali la nchi atahubiri kwamba kujiamini kunaharibu masomo. Anayesoma takwimu za ndani ya nchi atahubiri kinyume.

Marsh, mwanasaikolojia wa elimu, ana maelezo ninayoyaamini kwa kiasi kikubwa. Mtu hajipimi kwa rula ya dunia, anajipima kwa jirani. Samaki mkubwa kwenye dimbwi dogo anajiona mkubwa. Mhamishie ziwani, alama zake zilezile, atajiona dagaa. Yeye na Hau walilipima mwaka 2003 kwa nchi 26 na wanafunzi zaidi ya 100,000: ukishika alama za mwanafunzi mahali pamoja, kadiri wastani wa shule yake unavyopanda ndivyo anavyojiona mdogo kitaaluma. Mzazi anayepigania nafasi kwenye shule ya wenye vichwa vikali ananunua kitu kimoja na kulipia kingine. Hapa visanduku vyangu viwili vya ukutani vilianza kuachana. Jambo linaloweza kukipandisha kimoja linakishusha cha pili.

Uamuzi: kila uwiano nitakaouripoti utatajwa ni wa ndani ya shule au wa kati ya shule. Hakuna kuchanganya.

Wiki ya 6

Maadili. Nilitaka kutumia PHQ-9, hojaji ya sonona yenye maswali 9 na jumla ya 0 hadi 27. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru au kufikiri ni heri ufe. Mwalimu akaniuliza: mwanafunzi akijibu "karibu kila siku", saa ngapi utaisoma karatasi yake, na utamfikiaje ikiwa umemwahidi kwamba hutamjua?

Sikuwa na jibu. Huwezi kumuuliza mtu kama anazama kisha ukaenda kuingiza data kwa mwezi mzima. Nimehamia WHO-5, hojaji ya Shirika la Afya Duniani kuhusu hali njema ya nafsi: maswali 5 juu ya wiki mbili zilizopita, yote ya upande wa heri, kama kuwa mchangamfu, kuwa mtulivu, kuamka na nguvu. Jumla ni 0 hadi 25, kisha unazidisha kwa 4. Haipimi ugonjwa, na mimi si daktari. Hata hivyo kila hojaji itaondoka na karatasi yenye maelezo ya mahali pa kupata msaada, kwa wote, si kwa wenye alama za chini tu.

Wiki ya 8

Wiki mbili za tafsiri. Nimejifunza mengi kuliko kwenye makala zote.

Nilianza na kipimo cha kujithamini cha Rosenberg, cha 1965, maswali 10. Nikadhani ni kazi ya mchana mmoja. Sentensi moja inasema, kwa maana, kwamba mtu haoni kama ana mengi ya kujivunia. Niliiandika hivyohivyo, nikawapa watu wachache waisome kwa sauti huku wakieleza wanachoelewa. Kijana mmoja alisita, kisha akasema: "Mimi sijivuni, kwa hiyo nakubali." Kati ya kujivunia na kujivuna kuna herufi moja, na katika malezi yetu hiyo ya pili ni aibu. Mtu mwenye adabu akikutana na neno hilo anakimbilia unyenyekevu, na hojaji inamrekodi kama asiyejithamini.

Nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Sentensi ya kutamani kujiheshimu zaidi. Kwa Kiswahili, anayejiheshimu ni mwenye mwenendo mzuri, anayevaa vizuri, asiyetukana hovyo. Kwa hiyo nilikuwa namwomba msichana wa shule akiri kwenye karatasi kwamba mwenendo wake umelegea! Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nilipotafuta zaidi nikakuta si Kiswahili peke yake. Schmitt na Allik (2005) waliipima hojaji hii kwa mataifa 53 na lugha 28, na sentensi zilizoandikwa kwa kukanusha hazikufasiriwa kwa namna moja kila mahali.

Kukanusha ni mtego wenyewe. "Wakati mwingine nahisi sifai." Anayejiona anafaa inabidi achague "sikubali". Sikubali kwamba sifai. Mtoto anayesoma haraka anapotea katikati, nami nampa alama ya huzuni kwa kosa la sarufi.

Neno wasiwasi nalo. Ninapokuwa na wasiwasi na mtihani, naogopa. Ninapokuwa na wasiwasi na mtu, simwamini. Wanafunzi wawili walisoma "nina wasiwasi na mtihani" wakaelewa kwamba wanaushuku umevuja. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hicho ndicho kigeu changu. Liebert na Morris walikwishaigawa hofu ya mtihani mwaka 1967 katika sehemu mbili: mawazo yanayozunguka kichwani, na mwili unaohangaika. Mawazo ndiyo yanayoshikana zaidi na alama za chini. Kwa hiyo nimeacha jina na kuandika tendo: "Nikiwa kwenye chumba cha mtihani, nawaza nitakavyofeli badala ya kuwaza swali." Kwa mwili: "Kabla ya mtihani moyo hunidunda." Hapo hakuna aliyesita.

Nilikuwa nimefuata utaratibu unaopendekezwa tangu Brislin, 1970: mmoja anatafsiri kwenda, mwingine asiyeiona asili anatafsiri kurudi. Sentensi ya kujiheshimu ilipita mtihani huo bila doa. Mtafsiri wa kurudi ni msomi, alihisi ilikotoka, akairudisha nyumbani salama. Njia hiyo inapima ujuzi wa watafsiri kuliko ufahamu wa msomaji. Kusoma kwa sauti na kueleza kulifichua kwa saa moja kilichojificha kwa wiki.

Rosenberg nimemwondoa. WHO-5 inabaki, haina kukanusha hata mahali pamoja.

Wiki ya 9

Jaribio dogo la hojaji nzima. Makosa yangu mawili, niyaandike kabla sijayasahau.

Kwanza, urefu. Ilichukua dakika 40 na baada ya ukurasa wa tatu majibu yanageuka mstari mnyoofu: 4, 4, 4, 4. Nilikuwa nimetega swali la kukamata wasiosoma ("chagua namba 2 hapa"). Liliwakamata, ila na waliosoma waliniuliza kama nawaona wapumbavu. Nimelitoa na kupunguza kurasa.

Pili, namba za siri. Ili kuunganisha hojaji ya leo na ya baadaye bila majina, kila mmoja alitengeneza namba yake kutokana na herufi za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Siku ya pili wengine waliandika jina la mama la nyumbani badala ya la kwenye vyeti, wengine wakageuza tarehe na mwezi. Wanaokosea hivi huenda si sawa na wasiokosea. Nikiwaacha nje, naacha nje watu wa aina fulani, na huenda ndio haohao wenye alama za chini. Sasa nitatumia kadi zenye namba zilizochapwa kabla. Kila mwanafunzi atakaa na kadi yake, na orodha ya majina itatunzwa na mtu asiyeziona data.

Wiki ya 11

Wasiwasi wa mtihani na alama, kipi kinaanza? Hembree (1988) alijumlisha tafiti 562. Seipp (1991) alijumlisha 126 na kupata uwiano wa -0.21, yaani kimoja kikipanda kingine huelekea kushuka. Hakuna anayebisha kwamba viwili hivi vinatembea pamoja. Lakini anayeogopa anafeli kwa kuwa anaogopa, au anaogopa kwa kuwa alifeli na anakumbuka? Pekrun na wenzake (2017) waliwafuata wanafunzi 3,425 wa Ujerumani kuanzia darasa la tano hadi la tisa kwenye hisabati, wakakuta mishale inakwenda pande zote mbili: hisia zinatabiri alama za mwaka unaofuata, alama zinatabiri hisia za mwaka unaofuata.

Nilitaka kufanya vivyo hivyo kwa mikupuo miwili ya data, yaani kuwapima wanafunzi walewale mara mbili. Kaka akaniletea makala ya Hamaker, Kuiper na Grasman ya 2015. Hoja yao, kwa maneno yangu: kuna Asha ambaye ni mwoga kuliko Juma siku zote, na kuna Asha ambaye wiki hii ni mwoga kuliko kawaida yake. Mambo mawili. Mfano wa takwimu wa zamani unayachanganya, na unaweza hata kugeuza ishara ya jibu. Kuyatenganisha kunahitaji mikupuo mitatu au zaidi. Nimeongeza wa tatu, na ratiba yangu imerefuka kwa muhula mzima. Mwalimu alicheka tu.

Kando kidogo: ile picha ya kilima inayoonyeshwa kwenye semina, kwamba msongo wa wastani ndio bora kwa mtihani, chimbuko lake ni Yerkes na Dodson, 1908. Waliowapima ni panya waliokuwa wakijifunza kutofautisha visanduku kwa kupigwa shoti za umeme. Mtihani wa fizikia haukuwemo.

Wiki ya 12

Walimu. Roorda na wenzake (2011) walijumlisha tafiti 99 juu ya uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi: una nguvu zaidi kwenye ushiriki wa mwanafunzi darasani kuliko kwenye alama zake. Hilo lilikuwa limenisukuma niufute. Kisha nikamsoma Jackson, 2018. Anapima athari za walimu kwa njia mbili: wanavyopandisha alama za mitihani, na wanavyobadilisha mwenendo, kama utoro, kusimamishwa shule na kuvuka darasa. Walimu wanaofanya vizuri upande mmoja si lazima wafanye vizuri upande wa pili; uhusiano kati ya hayo mawili ni hafifu. Tena upande wa mwenendo unatabiri nani atamaliza sekondari vizuri zaidi kuliko upande wa alama.

Nimelisoma hilo mara tatu. Tangu wiki ya kwanza nimekuwa nikiichukulia HALI YA NAFSI kama mdogo wake ALAMA, anayefuata nyuma akiwa amemshika shati. Kumbe wana njia mbili. Nikitafuta kitabiri kimoja cha wote wawili nitampendelea mmoja, na najua ni yupi, maana alama ndizo zenye karatasi na mihuri.

Uhusiano na walimu unabaki. Na visanduku viwili vitachambuliwa kila kimoja na jedwali lake.

Wiki ya 14

Kabla ya kukusanya chochote, nilitaka kujua dari ya utabiri iko wapi. Nimeikuta kwenye kazi ya Salganik na wenzake, 2020. Timu 160 zilipewa data ya familia 4,242 za Marekani zilizofuatwa tangu mtoto kuzaliwa, vigeu 12,942, na ruhusa ya kutumia mbinu yoyote ya kompyuta. Kazi ilikuwa kutabiri mambo sita mtoto akifika miaka 15, miongoni mwake wastani wa alama zake na ung'ang'anizi wake. Kwa alama, timu bora ilieleza takriban asilimia 20 ya tofauti. Kwa ung'ang'anizi, takriban 5. Na timu hizo bora ziliuzidi kidogo tu mfano wa takwimu wa kawaida wenye vigeu vinne.

Vinne, dhidi ya 12,942. Nilitazama mchoro wangu wa ukutani kwa muda.

Vilivyobaki ni 6: alama za nyuma, elimu ya wazazi, imani ya kuweza, kujisukuma, mawazo ya hofu wakati wa mtihani, uhusiano na walimu. WHO-5 ya mkupuo wa kwanza itakaa upande wa vitabiri kwenye jedwali la hali ya nafsi, kama alama za nyuma zinavyokaa kwenye jedwali la alama. Imani ya kuweza nitaipima bila kutaja alama yoyote, kwa sababu ya yule nahodha.

Jana usiku nimeandika utabiri wangu na kuwatumia Mwalimu na Kaka ili nisije kuubadilisha. Kwa alama: alama za nyuma zitameza karibu vyote, kujisukuma kutabaki na kitu, imani ya kuweza itapungua zaidi ya nusu. Kwa hali ya nafsi: elimu ya wazazi itakuwa karibu na sifuri ndani ya shule, uhusiano na walimu na mawazo ya hofu ndivyo vitakavyosimama, na jumla sitaeleza hata robo ya tofauti.

Kaka amejibu kwamba kwenye hali ya nafsi nimejipendelea. Yeye anasema asingeandika robo, angeandika sehemu ya kumi. Tumeweka namba zote mbili kwenye faili moja na kulifunga.

Kadi za namba zimetoka kiwandani na mbili kati yake zina namba moja. Kesho nazikagua zote kwa mkono.